Indie ni staili ya gitaa au ni kutokuwa na lebo? Jibu kwa dada wa Arusha

Swali lilikuja hivi: "Shikamoo kaka. Mimi na wenzangu wawili tuna kabendi ketu hapa Arusha, gitaa, besi na biti tunaipiga kwenye laptop, tunaimba Kiswahili. Rafiki yetu wa Nairobi kasikiliza nyimbo zetu akasema nyie ni indie kabisa. Tangu siku hiyo ni ugomvi. Mpiga besi anasema indie ni muziki wa gitaa wa wazungu wenye huzuni, sisi hatumo. Mwenzake anasema indie ni msanii yeyote asiye na lebo, basi. Nani yuko sahihi na hii kitu ilianzia wapi? Na Singeli je, nayo ni indie?"

Marahaba mdogo wangu, na nisalimie huyo mpiga besi maana nimecheka peke yangu hapa kama chizi. Jibu la haraka ni kwamba wote wawili wako sahihi ila wanaongelea miaka tofauti. Huyo wa kutokuwa na lebo anaongelea 1977, mpiga besi anaongelea 1986, na katikati ya hiyo miaka tisa ndo kuna stori yote. Mi nimekaa nyuma ya mixa kwenye studio za Dar zaidi ya miaka ishirini, na santuri nimeanza kukusanya kabla hata sijajua kuchomeka waya, kwa hiyo nikirefuka univumilie.

Neno lenyewe ni kifupi tu cha neno la Kiingereza la kujitegemea, independent, na wewe uko Arusha kwa hiyo habari za kujitegemea sina cha kukufundisha, azimio lilitangazwa hapohapo kwenu. Swali ni kujitegemea kutoka kwa nani.

Uingereza ya miaka ya sabini, wimbo wako kufika dukani ulikuwa unahitaji studio, kiwanda cha kuchapa santuri, magari ya kusambaza mzigo nchi nzima, na mtu anayejuana na watu wa redio. Kampuni chache kubwa, EMI, CBS, RCA na wenzao, zilikuwa zimeshika karibu kila kitu hapo. Lebo ndogo zilikuwepo tangu zamani, tena Marekani ndo zimeleta nusu ya muziki tunaoujua, Sun ya Memphis ilikuwa ni Sam Phillips na kachumba chake na ndo iliyomtoa Elvis Presley, ambaye mkataba wake uliuzwa kwa RCA mwaka 1955 kwa dola 35,000. Lakini angalia hapo, aliyeuza ni mwenye lebo na aliyenunua ni mwenye lebo kubwa zaidi, mwanamuziki kahamishwa kama mchezaji wa mpira. Lebo ndogo ilikuwa ni bosi mdogo, ila bosi ni bosi.

Kilichobadilika kilibadilikia Manchester na kilibadilishwa na vijana wawili waliokuwa wanasoma chuo pale Bolton, Howard Devoto na Pete Shelley. Walikuwa na bendi inaitwa Buzzcocks. Hawa ndo waliowaalika Sex Pistols, bendi ya London ya panki, yaani muziki wa gitaa wa kelele na haraka, kuja kupiga Manchester tarehe 4 Juni 1976, kwenye kaukumbi kadogo ambako watu walikuwa wachache tu lakini kadhaa kati yao walikuja kuanzisha bendi, Bernard Sumner na Peter Hook wa Joy Division walikuwepo, Morrissey, aliyekuja kuwa mwimbaji wa The Smiths, alikuwepo. Sasa Buzzcocks walitaka kurekodi na wakajiangalia wakaona kwamba London hakuna anayewajua wala anayewasubiri. Wakakopa paundi 500 kwa ndugu na marafiki. Tarehe 28 Desemba 1976 wakaingia studio, wakarekodi nyimbo nne kwa masaa kama matatu, mengine mawili ya kuchanganya sauti, wakatoka. Fundi mitambo alikuwa Martin Hannett, siku hizo akijiita Martin Zero. Wakachapa nakala 1,000, wakajiandikia lebo yao wenyewe, New Hormones, na Januari 1977 ikatoka. Inaitwa Spiral Scratch.

Hii ninayo hapa ndani, sio ile ya kwanza, hiyo bei yake siiwezi, ni ya kuchapwa upya. Lakini ganda ni lilelile. Mbele kuna picha ya kamera ile ya kutoa picha papohapo, vijana wanne wamesimama mtaani, ilipigwa na meneja wao tu, hakuna mpiga picha wala nini. Geuza nyuma sasa, hapo ndo kuna kitu kilichowatoa watu akili. Pembeni ya kila wimbo wameandika umerekodiwa mara ya ngapi, huu ni jaribio la tatu na hatujaongeza kitu juu, hizi zingine ni jaribio la kwanza, tumeongeza gitaa juu yake, basi. Yaani fikiria fundi keki anakuuzia keki na pembeni kakuandikia nyuzi joto za oveni na dakika. Siku hizo kurekodi kulikuwa kama uganga, watu walidhani kuna siri kubwa mle ndani ya studio, na hawa wakaja wakafunua chungu. Na ukiweka sindano, kwenye ule wimbo unaoitwa Boredom solo ya gitaa ni noti mbili. Mbili tu mdogo wangu, zinarudiwa na kurudiwa mpaka unaanza kujiuliza kama santuri imekwama. Kijana aliyekuwa anasikiliza chumbani kwake alipata ujumbe wote hapo, kwamba kama hii imefika dukani basi na yangu inafika.

Zile 1,000 ziliisha, wakachapa tena na tena, mwisho wakauza kama 16,000, mwanzoni kwa kutuma kwa posta. Bendi isiyo na kampuni.

Wakafuata wengine kama kumbikumbi. Kuna hawa Desperate Bicycles, mwaka huohuo 1977 walitoa santuri yao ya kwanza kwa paundi 153 alafu wakaanza kuhubiri kabisa ndani ya nyimbo zao kwamba kazi ni rahisi, gharama ni ndogo, nendeni mkafanye na nyie. Alafu mwaka uliofuata Scritti Politti wakatoa santuri yao wakapiga chapa risiti nzima kwenye ganda. Studio Cambridge masaa 14 paundi 98, kukata masta paundi 40, kiwandani nakala 2,500 kiasi kadhaa, na majina ya viwanda na anwani zake. Mimi kinachonifurahisha ni ule mstari wa mwisho, muhuri wa mpira wa kugongea kwenye ile karatasi nyeupe ya katikati ya santuri, paundi 8. Waligonga kwa mkono! Nakala 2,500 mtu anagonga muhuri kama karani wa posta. Ukitaka kujua indie ilizaliwa ikiwa na tabia gani angalia hiyo risiti, ni watu wanaokuambia bei bila aibu ili na wewe ufanye.

Ila kuchapa ndo nusu ya kazi. Nusu nyingine ambayo ni ngumu zaidi ni kusambaza, na hapa wengi wanaoandika kuhusu indie huwa wanapita haraka kwa sababu sio kitu cha kuvutia, nani anataka kusoma habari za maboksi. Lakini wewe uliza msanii yeyote wa Bongo aliyetoa kaseti miaka ya mwishoni mwa tisini atakuambia. Unaweza ukawa na wimbo unapigwa kila daladala, kama hujakubaliana na msambazaji wa Kariakoo kaseti yako haifiki Mbeya, na msambazaji anajua hilo kwa hiyo anakupa hela ya mara moja, unasaini, mzigo unakuwa wake. Mwenye njia ndo mwenye bei.

Uingereza njia hiyo ilichongwa upya kutokea kwenye duka. Geoff Travis alifungua duka la santuri magharibi ya London mwaka 1976, Rough Trade, mtaa ambao ulikuwa na Wakaribi wengi kwa hiyo rege na panki zilikuwa zinauzwa kaunta moja. Vijana walikuwa wanaingia na boksi la santuri zao chini ya kwapa, wanaacha kumi hamsini, zikiisha wanaongeza. Baada ya muda maduka ya miji mingine yakawa yanapiga simu, tuletee na sisi, na duka likageuka msambazaji, na 1978 likawa na lebo yake. Mwaka 1979 albamu ya kwanza ya lebo hiyo, ya Stiff Little Fingers kutoka Belfast, ikaingia namba 14 kwenye chati ya taifa, bila kampuni kubwa yoyote kuigusa. Mwanzoni mwa themanini maduka na wasambazaji wa mikoani wakaungana wakajiita The Cartel, Norwich kuna wao, York kuna wao, Liverpool, Bristol, Edinburgh, kila mmoja anasambaza kwenye eneo lake. Kwa hiyo kijana wa kijiji cha Scotland anaweza kuchapa santuri na ikafika Bristol bila kukanyaga ofisi ya EMI. Kwangu mimi huo ndo uvumbuzi wenyewe wa indie kuliko gitaa lolote.

Na mikataba nayo ikawa ya aina nyingine. Lebo kubwa ilikuwa inakupa asilimia ndogo ya kila nakala, tena baada ya kukata gharama zake zote, wakati huku Rough Trade na wenzao walikuwa wanagawana faida nusu kwa nusu. Depeche Mode waliingia lebo ya Mute ya Daniel Miller kwa kupeana mkono tu, hakuna karatasi, wakafanya kazi hivyo miaka na miaka wakiwa tayari wanajaza viwanja. Nakutajia Depeche Mode makusudi ili ukamwambie mpiga besi, hao walianza na vinanda vya umeme vitupu na walikuwa indie kuliko bendi nyingi za gitaa.

Tena subiri, kuna kali zaidi. Januari 1980 ikaanza chati maalum ya indie, wazo la Iain McNay wa lebo ya Cherry Red, na sharti lilikuwa moja, santuri isambazwe na msambazaji asiye wa kampuni kubwa. Hawakuangalia mlio. Sasa mwaka 1988 anakuja Kylie Minogue, yule yule wa kwenye kanda za harusi, lebo yake PWL ilikuwa ndogo na inasambazwa na msambazaji huru, kwa hiyo kwa mujibu wa sheria Kylie alikuwa indie na akakaa juu ya hiyo chati huku vijana waliovaa makoti meusi wakitoa macho. Mpiga besi aelezee hilo.

Sasa ilikuwaje neno likahama kutoka kwenye maboksi likaenda kwenye gitaa? Hapa umaskini unahusika sana. Ukiwa na siku moja tu ya studio huwezi kuweka sauti arobaini juu ya nyingine, unapiga kama mlivyo, mara mbili tatu, mnaondoka. Ampli ni ya kuazima. Mwimbaji hajawahi kusomea kuimba na anaona aibu kidogo, kwa hiyo fundi anamzamisha kwenye mwangwi, sauti inakaa chini ya gitaa badala ya juu yake. Mpiga ngoma ana kazi benki hawezi kuja, wanatumia mashine. Mwanzoni haya yote yalikuwa ni matatizo. Ila mtoto wa miaka kumi na tano anayesikiliza redioni usiku kipindi cha John Peel wa BBC, ambaye ndo alikuwa anapiga hizi santuri bila kubagua, haoni matatizo, yeye anasikia mlio mzuri, na akikua akapata hela ya studio nzuri bado atautafuta mlio uleule. Hapo ndo shida inageuka kuwa ladha. Sisi huku tunalijua hili, kuna maprodyuza wa Singeli leo wana mashine za hela nyingi na bado wanahangaika kupata ule ukwaruzo wa kinanda cha bei rahisi cha mchiriku.

Walioupa mlio huo heshima zaidi ni The Smiths, Manchester tena. Mwaka 1983 Johnny Marr, mpiga gitaa wao, alipanda treni na mpiga besi wake mpaka London akamfuata Geoff Travis kulekule Rough Trade akamkabidhi kaseti mkononi, na santuri yao ya kwanza ikatoka Rough Trade mwezi Mei. Msikilize Marr vizuri, hapigi kodi, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja, kwa kukung'uta kama wale wa panki, anadonoa nyuzi mojamoja, zinafuatana juu kwa juu, mtu aliyekulia kwenye muziki wa dansi hashangai sana, ile tabia ya gitaa la juu kuongea muda wote huku mwimbaji anaendelea na shida zake sisi tunaijua. Juu yake ndo Morrissey na huzuni zake. Kwa hiyo "wazungu wenye huzuni" mpiga besi hajakosea kabisa, ni kwamba ana mtu mmoja kichwani.

Alafu 1986 gazeti la muziki la NME likatoa kaseti ya nyimbo 22 za bendi za lebo ndogo, wakaiita C86. Ukiisikiliza leo ni mchanganyiko, kuna wapiga kelele kule ndani wabaya sana, lakini kilichobaki kwenye vichwa vya watu ni zile bendi za gitaa laini linalolia kama njuga, sauti za aibu, nywele zimeanguka usoni. Na kuanzia hapo ukisema indie dukani muuzaji hakuulizi nani msambazaji, anakupeleka kwenye rafu ya gitaa. Wengine waliukumbatia huo udogo mpaka mwisho, kuna Sarah Records ya Bristol, ilianza 1987, ikatoa kazi 100, na ilipofika ya mia mwaka 1995 ikajifunga yenyewe ikatangaza gazetini kwamba tumemaliza. Mi nawapenda kwa hilo tu, nyimbo zao nyingi zinanipa usingizi.

Kampuni kubwa nazo hazikulala. Zilianzisha vilebo vidogo vyenye majina ya kihuni, zikavipitisha kwa wasambazaji huru ili viingie chati ya indie, mzigo ni wa kampuni kubwa kanzu ni ya indie. Creation ya Alan McGee, lebo iliyokuja kuwatoa Oasis, ilikuwa imeshauza karibu nusu yake kwa Sony mwaka 1992. Kwa hiyo ile Agosti 1995 ambapo bendi za Blur na Oasis zilitoa nyimbo siku moja na nchi nzima ikagawanyika kama Simba na Yanga, Blur wakauza kama 274,000 na Oasis 216,000, magazeti yakaandika indie imeshinda, wakati Blur mkataba wao ulikuwa chini ya EMI. Ndo hivyo, kufikia hapo neno lilishakuwa jina la nywele na gitaa.

Hali ya lebo zenyewe ilikuwa ya kusikitisha kidogo na inachekesha pia. Factory ya Manchester, lebo ya Joy Division na baadaye New Order, ilikuwa na karatasi ya makubaliano ambayo Tony Wilson, mmoja wa wenye lebo, alijigamba kuisaini kwa damu yake, inasema wanamuziki wanamiliki kila kitu na kampuni haimiliki chochote. Walikuwa watu wa fujo, ganda la santuri ya New Order, Blue Monday, la 1983 lilikuwa limetobolewa matundu kama diski ya kompyuta, na Wilson alikuwa anapenda kusimulia kwamba kila nakala iliyouzwa iliwatia hasara ya senti kadhaa, wengine wanabisha hesabu zake lakini stori ni tamu. Basi, Factory ikaelemewa na madeni, mwaka 1992 London Records wakaja kuinunua, wanasheria wakafungua makabrasha, wakakuta ile karatasi. Hakuna cha kununua! Nyimbo ni za wanamuziki. Biashara ikafa palepale, lebo ikafilisika, na New Order wakabaki na kazi zao. Rudia tena hiyo hadithi polepole, lebo imekufa msanii kabaki na masta, yaani rekodi zenyewe za asili, huku kwetu huwa ni kinyume chake. Na isionekane kwamba kujitegemea ni pepo, mwaka mmoja kabla ya hapo upande wa usambazaji wa Rough Trade ulianguka na ukaangukia lebo ndogo kibao zilizokuwa zinadai hela za mauzo. Njia ikiwa moja, ikiziba mnakwama wote.

Marekani nagusa tu maana ni shamba lingine. Kule nchi ni kubwa, redio za wanafunzi wa vyuo ndo zilifanya kazi aliyokuwa anaifanya John Peel, na bendi zilitembea na gari lao kulala sakafuni kwa mashabiki. Washington kulikuwa na Dischord ya Ian MacKaye na Jeff Nelson tangu 1980, bendi ya MacKaye ya Fugazi ilishikilia kiingilio cha dola 5, watoto wanaingia, fulana hawauzi. Seattle kulikuwa na Sub Pop, ambao mwaka 1989 walitoa albamu ya kwanza ya Nirvana, iliyorekodiwa kwa dola 606 na senti 17, na hela hiyo ililipwa na jamaa ambaye ametajwa kwenye ganda kama mpiga gitaa ila hakupiga hata noti moja humo ndani, shukrani ya mkopo hiyo. Miaka miwili baadaye Nirvana wako kampuni kubwa na Januari 1992 wakamtoa Michael Jackson namba moja. Wengi wanasema hapo ndo indie ilikufa. Mi sikubali, maana Sub Pop waliachiwa fungu lao kwenye mauzo ya ile albamu kubwa na ndo lililowaokoa wasifunge, na lebo ipo mpaka leo.

Sasa turudi nyumbani, Singeli. Kwa mlio, hapana, hakuna muuzaji wa London atakayeiweka kwenye rafu ya indie. Kwa umiliki na njia, Singeli imekuwa indie tangu kuzaliwa, tena bila kujua, kwa sababu hapakuwa na kampuni kubwa ya kuikimbia. Ilirekodiwa kwenye vyumba vya uswahilini, ikasambaa kwa simu na memori kadi na vigodoro. Na ilipovuka mipaka ilivushwa na lebo huru, Nyege Nyege Tapes ya Kampala, mwaka 2017 walitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Dar na ndo Ulaya wakaanza kuumwa vichwa na zile biti za mwendokasi.

Na hata hilo sio jipya kwetu. Nairobi, River Road miaka ya sabini, kulikuwa na vilebo vingi kuliko vibanda vya chai, bendi za kwetu zilikuwa zinapanda basi kwenda kurekodi kule kwa sababu hapa ilikuwa ni Radio Tanzania na santuri zilichapwa Nairobi. Mzee Joseph Kamaru, mfalme wa muziki wa Kikuyu, alikuwa anaimba na anauza kwenye duka lake mwenyewe la santuri, hakusubiri mtu. Amefariki 2018. Mjukuu wake, naye anaitwa Joseph Kamaru, anajulikana kama KMRU, anafanya muziki wa mashine na sauti za mazingira na anasikilizwa sana Ulaya, na ndo aliyezipandisha upya kazi za babu yake mtandaoni, anauza moja kwa moja kwa msikilizaji. Aliweza kwa sababu kazi zilikuwa za familia.

Kwa hiyo nyie watatu wa Arusha ni nini. Gitaa, besi na biti ya laptop, mlirekodi chumbani, mlio wenu nimeusikiliza kwenye ile link uliyonitumia, gitaa limedonolewa, sauti yako umeizamisha kwenye mwangwi (ipandishe kidogo, unaimba vizuri acha woga). Kwa maana ya 1986 ni indie, rafiki wa Nairobi kasikia sawa. Kwa maana ya 1977 sijui bado, kwa sababu hujaniambia kitu kimoja, laptop ni ya nani?

Sikutanii. Mwaka 2009 mimi na mshkaji wangu tulirekodi nyimbo saba kwa jamaa mmoja mwenye studio na kalebo hapa mjini, jina nimeliacha. Hatukulipa, hatukuandika, ilikuwa ni "tutaelewana tu, sisi si ndugu". Hard diski yenye masta ikabaki kwake kabatini. Baada ya mwaka wimbo mmoja ukawa unalia kwenye simu za watu kama mlio wa kupigiwa, jina lililoandikwa ni la lebo yake, na sisi hatuna hata faili moja la kuonyesha kwamba gitaa lile ni langu. Hatukuwa na lebo wala mkataba na wala hatukuwa huru.

Fanyeni hivi, leo leo. Mafaili yote ya kurekodia, sio wimbo uliokamilika tu, ile projekti yenyewe na kila sauti peke yake, nakilini mara tatu kila mtu akae na yake. Alafu chukueni karatasi ya daftari muandike kila wimbo, nani katunga maneno, nani katunga muziki, hela ikija inagawanywaje, masta ni ya nani, bendi ikivunjika inakuwaje, tarehe, sahihi tatu, pigeni picha. Kazi kasajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mkipandisha nyimbo kwenye hizi huduma za kusambaza mtandaoni someni wanachukua asilimia ngapi na mnajitoaje, maana hao ndo Kariakoo ya siku hizi. Kwenye ile fomu kuna kisanduku cha aina ya muziki, hapo wekeni indie bila wasiwasi, kile kinaulizia rafu tu.

Na mpiga besi akigoma kusaini eti kwa sababu nyie ni ndugu, mwambie mshkaji wangu wa 2009 alikuwa ni binamu yangu, na hilo gitaa hatujalipata mpaka leo.